Wazee wetu wa karafuu Pemba, tuwaenzi vipi wakiwa bado wako hai?

MtotoWaKonde:

Asalaam aleikum ndugu zangu wa Unguja, Pemba na mlioko nje.

Nna suali na naomba mnisaidie kwa mawazo ya kweli mana tushakaa vikao viwili barazani na hatujafika pahala. Sisi ni vijana kama kumi na tano hivi wa huku kaskazini Pemba, tumejichanga, tunataka kabla msimu wa karafuu haujaingia tuwafanyie kitu wazee wetu wa karafuu. Sio kitu cha siasa wala cha kupiga picha na viongozi. Tunataka kuwaheshimu wao wenyewe, wale ambao kila mtu kijijini anajua karafuu ya fulani ndo karafuu.

Kilichonitia uchungu ni hivi. Mwaka jana alifariki mzee mmoja jirani yetu, keshapita themanini, maisha yake yote ni mikarafuu. Siku ya maziko watu walijaa mpaka njiani na kila mtu ana lake la kusema, huyu kafundishwa kupanda na yeye, yule kapewa miche na yeye, mwengine anasema miaka ile bei ilipokufa na watu wanakata mikarafuu wanafanya kuni mzee alikuwa akipita nyumba kwa nyumba anawaambia msikate jamani, subirini, mti huu utakujawalipa wajukuu zenu. Na kweli ilipofika 2011 bei ikapandishwa ndo watu wakakumbuka maneno yake, waliobakisha wakajenga nyumba za matofali na waliokata wakabaki kutazama. Sasa mimi nasimama pale makaburini najiuliza, haya yote mazuri yeye kayasikia lini? Hakuyasikia. Tumeyasema keshafukiwa.

Na kuna jengine. Miaka ya nyuma nilimpeleka babu yangu kwenye sherehe moja ya wakulima, aliitwa kama mkulima bora. Kavaa kanzu yake ya Idi, tukafika saa moja asubuhi, tukakaa juani mpaka saa saba. Hotuba juu ya hotuba. Mwisho yakasomwa majina haraka haraka, jina lake likakosewa, akapewa bahasha na fulana ya saizi ya mtoto. Njiani kwenye gari babu hakusema neno, ile fulana kaikunja kaiweka magotini mpaka tunafika nyumbani. Sitaki tena kuona kitu kama kile.

Kwahiyo suali langu, mnavoona nyinyi tuwape nini, na hasa nani tumhesabu? Mana hapo ndo tulipogombana. Wengine wanasema wenye mashamba tu, wengine wanasema hata anaekodi, na kuna aliyesema tukianza kufungua mlango itakuwa kijiji kizima. Naomba mawazo.

---

Ngoeko77:

Waaleikum salaam kaka. Mimi ni mchumaji, sina hata mkarafuu mmoja, nachuma tangu nna miaka kumi na mbili na sasa nna arubaini na sita. Naomba mnisikilize na mimi.

Mwenye shamba anaheshimiwa sawa, kapanda na kapalilia. Lakini nani anapanda juu? Nyinyi mnaijua mikarafuu ya zamani ilivo mirefu, unaanza kupanda alfajiri na umande bado, shina linateleza, una polo umefunga kiunoni na ngoeko, kijiti cha kuvutia matawi, mkono mmoja, unavuta tawi lije kwako taratibu mana ukilivuta kwa nguvu linakatika na ukilikata tawi la mkarafuu umeua msimu wa mwakani na wa mwaka wa pili yake. Mchumaji mzuri unamjua chini ya mti. Akishuka, tazama chini, kama pamejaa majani na vijiti basi huyo kaja kuharibu. Kuna mzee wangu mmoja alonifundisha, yeye akimaliza mti chini kweupe kama pamefagiwa, na juu hakubakisha hata shada moja. Huyo mzee leo hawezi hata kupanda ngazi. Alianguka 1998, nyonga ikavunjika, na tangu siku hiyo yuko barazani anatazama watu wanaokwenda mashamba. Hakuna siku hata moja aliyeitwa kwenye sherehe yoyote mana yeye si mkulima, ni "kibarua".

Sasa kama mnataka kuheshimu, na huyo muhesabuni. Nchi hii mashamba mengi ni ya Serikali yanakodishwa kila msimu, anaekodi mara nyengine hajawahi hata kuupanda mti wenyewe, yeye ana pesa tu. Nani hapo ni mzee wa karafuu? Aliyelipa kodi au aliyekaa juu ya mti miaka thalathini?

Sisemi kwa ubaya. Nasema mana limenikaa moyoni.

---

BiMtambwe:

Mwanangu Konde, Mungu akujaalie kwa nia yako. Na wewe Ngoeko umesema kweli tupu. Lakini naona mpaka sasa mmetaja wanaume tu, wapandaji, wakodishaji, wachumaji. Mimi mwanamke wa Mtambwe nakwambieni karafuu haiwi karafuu mpaka ipite mikononi mwa mwanamke.

Nakumbuka mama yangu Mungu amrehemu. Jioni karafuu zikishuka shamba zinamwagwa ukumbini lundo, tunakaa kuzunguka, wanawake na watoto, taa ya chemli katikati, tunachambua. Unashika shada, unalikandamiza kwenye kiganja unalizungusha, karafuu zinadondoka huku na kikonyo kinabaki mkononi unakitupa upande wa pili. Ukisikia mwenyewe ni kazi ndogo, ukifanya mpaka saa sita za usiku kila siku miezi miwili viganja vinakuwa vyeusi vinanata na vinawasha, ukigusa jicho umekwisha. Mama yangu alikuwa anachambua bila kutazama. Anaongea, anacheka, anatuimbia, na mikono inakwenda wenyewe, na ukilitazama lundo lake hukuti hata kikonyo kimoja kimeingia. Makonyo nayo hayatupwi, yanaanikwa yanauzwa yanakwenda kukamuliwa mafuta kiwandani Wawi, kwahiyo hata takataka zake ni pesa.

Halafu kuanika. Hapa ndo karafuu inapopata jina au inapoharibika. Asubuhi jua likitoka unatandaza majamvi, unamwaga karafuu nyembamba, sio lundo, unazigeuza kwa mkono mara kwa mara, jioni unakusanya unafunika zisipate umande. Jua zuri siku tatu nne zimekauka, jua baya hata wiki. Na mvua ya vuli ya Pemba haibishi hodi! Ukiona wingu huko Fundo unawaita watoto wote skuli na wasokuwa skuli wakimbie kukunja majamvi, mana karafuu iliyoloa ikifunikwa na joto inapata moto ndani, inageuka rangi, nyeupe nyeupe na imesinyaa, na hiyo ndo inayoshushwa daraja kwenye mizani. Kazi ya miezi yote inapotea kwa nusu saa ya mvua.

Mama alikuwa na njia yake ya kujua zimekauka. Anachukua moja anaivunja kwa kucha karibu na sikio. Ikilia "kach" na kichwa kimebaki mahala pake, zimeiva jua. Ikipinda, bado. Hakuwa na kipimo chengine na sikumbuki hata siku moja karafuu zetu kurudishwa kituo cha kuuzia. Lakini risiti ilikuwa ikiandikwa jina la baba.

Kwahiyo mwanangu orodha yenu ikiwa haina hata bibi mmoja basi ichaneni muandike upya.

---

MpembaUswisi:

Asalaam aleikum wote. Shikamoo Bi Mtambwe.

Mimi mzaliwa wa Wete ila niko Uswisi mwaka wa kumi na tisa huu, karibu na mji unaitwa Vevey, pembeni ya ziwa. Huku milima yote inayoangalia ziwa imepandwa mizabibu, kwa ngazi ngazi za mawe, eneo linaitwa Lavaux na UNESCO wameliingiza kwenye urithi wa dunia tangu 2007. Najua wengi mtasema mizabibu na divai inatuhusu nini sisi waislamu, mimi sinywi na sijawahi, lakini nimeishi na wakulima hawa na kuna jambo lao moja ambalo kila nikiliona naikumbuka Pemba.

Wana chama cha zamani sana cha mambo ya mizabibu pale Vevey. Na jambo kubwa ni hili, chama hichi hakimtazami mwenye shamba. Kinamtazama mtu anaelifanyia kazi shamba la mwengine, yule kama anaesemwa na Ngoeko. Kila mwaka wanatuma watu wanaojua mizabibu wakapite shambani mara tatu, wanatazama kakata vipi matawi, udongo kautunza vipi, mzabibu una afya gani, wanatoa alama. Hotuba hakuna hapo, ni mtu na mti wake. Kila baada ya miaka mitatu wanakaa wanajumlisha alama wanatoa zawadi na medali.

Halafu mara moja katika kila kizazi, sio kila mwaka, wanafanya sherehe kubwa ya wakulima wa mizabibu, inaitwa Fête des Vignerons. Ilianza 1797. Karne iliyopita walifanya 1905, 1927, 1955, 1977 na 1999, halafu ya mwisho 2019. Mtu anaiona mara tatu nne tu maishani mwake. 2019 mimi nilikwenda, walijenga uwanja wa watu 20,000 pale kwenye soko la mji kandokando ya ziwa, waigizaji ni wananchi wenyewe maelfu, watoto na wazee, na kiini cha sherehe nzima ni kuwavisha taji wale wafanyakazi bora wa mizabibu. Na UNESCO 2016 wakaitia kwenye urithi wa utamaduni.

Nilikaa jukwaa la juu, anatajwa mtu, anasimama, mikono imekunjamana imepasuka kama ya babu yangu mimi, na watu elfu ishirini wanasimama kwa ajili yake. Wallahi nilitokwa na machozi. Nilimuona babu yangu pale. Babu alikuwa na mikarafuu kama sitini hivi, kila mmoja anaujua kwa jina, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kusimama kwa ajili yake.

Kwahiyo ushauri wangu Konde, chukueni lile la kutembelea shamba. Msimuite mzee juani. Mfuateni nyumbani kwake na shambani kwake.

---

UstadhiChake:

Nimesoma yote. Nia ni njema lakini nina mawili.

La kwanza, kwani hatuna mifano yetu mpaka twende kuchukua kwa watu wa pombe? La pili na hili ndo kubwa, mashindano ya nani bora kuliko nani katika kijiji yanaleta husda. Mimi nimeshuhudia ndugu wawili tumbo moja hawazungumzi kwa sababu ya zawadi ya baskeli. Mzee mmoja akipewa na mwengine asipewe mtakuwa mmejenga au mmebomoa?

Wasomeeni dua, wafanyieni maulidi, wote pamoja, walio hai na waliotangulia. Inatosha.

---

MpembaUswisi:

Ustadhi umesema vizuri na nakuheshimu. Mimi sikuleta mfano wa kinywaji, nimeleta mfano wa mtu kufuatwa shambani kwake na kuangaliwa kazi ya mkono wake. Hilo hata lingekuwa la wakulima wa mpunga ningelileta.

Na kuhusu husda, ndo mana nimesema alama. Sio wa kwanza wa pili wa tatu. Mnaweka kiwango, anaefikia kiwango anaheshimiwa, wakifika thelathini ni thelathini. Hakuna aliyeshindwa hapo.

---

MwalimuMkoani:

Habari zenu wadau. Mimi nimesoma Dodoma, chuo kikuu cha UDOM, miaka mitatu, na mwenzangu chumba alikuwa Mgogo wa kwao Hombolo, wazee wake wanalima zabibu. Likizo nilikwenda nae mara mbili. Kwa wasojua, Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, nchi nyingi za zabibu hazina bahati hiyo, na Serikali ina kituo cha utafiti pale Makutupora ambacho hata mbegu moja ya zabibu nyekundu imechukua jina lake.

Sasa nikutajieni kitu alichoniambia baba yake yule mwenzangu. Tulikuwa shambani, zabibu zimeiva, vishada vizito vimeinama mpaka karibu na ardhi, nyuki wamejaa. Nikamwambia mzee shamba lako linapendeza ungepaswa upewe tuzo. Akanijibu, mwanangu, tuzo yangu mimi ni mnunuzi afike siku aliyosema atafika. Mana zabibu haisubiri. Karafuu ukishaikausha unaiweka ndani hata miezi, bei ikikaa vizuri unauza. Zabibu ikishaiva una siku chache tu, mnunuzi akichelewa inaozea mtini na mkulima anaitazama. Nae alishatazama zikioza, si mara moja.

Nalisema hili kwa sababu sisi Pemba tunalalamika, na mengine tuna haki ya kulalamika, lakini tuna ZSTC, shirika la Serikali la biashara la Zanzibar, inayonunua karafuu yote na bei inatangazwa mapema, kuna miaka mingi ilikuwa 14,000 kwa kilo daraja la kwanza na mkulima anaijua kabla hajaanza kuchuma. Mgogo wa Hombolo hana hilo.

Kwahiyo kabla ya zawadi na sherehe mimi ningesema heshima ya kwanza kwa mkulima ni mizani ya haki na foleni fupi. Vijana kumi na tano mkiwa na gari moja mkawapelekea wazee karafuu zao kituoni siku ya kuuza, mkasimama nao pale mpaka wamepimiwa na wamelipwa, mzee asikae juani kutwa na polo zake, mtakuwa mmefanya kitu. Wazee wengine wanauza kwa walanguzi nusu bei kijijini kwa sababu tu hawana usafiri na hawana nguvu ya kusubiri.

---

Mjukuu_wa_Eka:

Kaka mwalimu umenena, hilo la usafiri ni la dhahabu.

Mimi nataka kuongeza la historia kidogo mana tukizungumza wazee wa karafuu tunaanzia babu zetu tu, na karafuu ni ya zamani kuliko babu zetu. Mti huu haukuwa wetu, umeletwa mwanzo wa karne ya 19 kutoka visiwa vya Mauritius na Réunion, na Seyyid Said ndie aliyeusukuma, inasimuliwa aliamrisha kwa kila mnazi mmoja ipandwe mikarafuu mitatu. Lakini Seyyid Said hakupanda kwa mkono wake. Waliokata misitu, waliochimba mashimo, waliopanda na kuchuma walikuwa watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria huku kwetu mpaka 1897. Hao hawana kaburi linalojulikana wala jina. Halafu kikaja kimbunga cha 1872 kikaangusha karibu mikarafuu yote ya Unguja, Pemba ikasalimika, na ndo kuanzia hapo Pemba ikawa ndo mama wa karafuu. Kuna mikarafuu imeishi miaka mia na zaidi, kwahiyo ukiukumbatia mkarafuu mkongwe wa Pemba huenda umeukumbatia mti ambao aliyeupanda alikuwa anamilikiwa na mtu.

Babu yangu mimi alipata eka tatu baada ya Mapinduzi, ndani yake kuna mikarafuu ambayo aliikuta. Alikuwa kila msimu kabla ya kuanza kuchuma anasimama chini ya mkarafuu mkubwa kuliko yote anasoma Fatiha. Nilipokuwa mdogo nikamuuliza babu unamsomea nani? Akasema namsomea alieupanda, simjui.

Kwahiyo Ustadhi mimi nakuunga mkono kwenye dua. Na kwenye dua hiyo, Konde, naomba muwaombee na hao wasojulikana.

---

Ngoeko77:

Mjukuu wa Eka umeniliza asubuhi hii.

---

BiMtambwe:

Na mimi. Allah awarehemu wote.

---

MtotoWaKonde:

Ndugu zangu sijui niseme nini. Nimezisoma zote mara mbili, halafu jana usiku nikachukua simu nikenda kwa babu nikamsomea moja moja. Babu haoni vizuri siku hizi. Akasikiliza kimya, ile ya Bi Mtambwe ya kuvunja karafuu sikioni akacheka akasema ndivyo hasa, bibi yako alikuwa hivyo hivyo.

Nikamuuliza moja kwa moja, babu wewe ungependa ufanyiwe nini? Nilidhani atasema pesa au Umra. Akasema nipelekeni shamba. Ana miezi saba hajafika mana miguu haimbebi na sisi wajukuu kila siku tunasema kesho. Basi leo asubuhi tumembeba, sisi wanne, kiti cha plastiki mpaka shambani. Tukamuweka chini ya mkarafuu wa katikati. Akanyoosha mkono akashika gome, akakaa hivyo muda mrefu. Halafu akaanza kuuliza, ule wa ukingoni uliopigwa na radi umechipua? Wa pembeni ya mnazi umepaliliwa? Hapa mbele yangu mbona naona jua, palikuwa na mti hapa. Nikamjibu, ule mti umekufa babu, tangu mwaka juzi, na hakuna alokwambia. Akanyamaza. Kisha akasema pengo halikai pengo, mnasubiri nini.

Tumehesabu leo, shamba lake lina mapengo kumi na moja. Na tukapita mashamba ya wazee wengine wawili jirani, huko ni mengi zaidi. Wazee hawawezi kupanda tena na sisi tuko barazani tunajadili tuwape fulana ya rangi gani.

Basi tumekaa leo baada ya laasiri na huu ndo uamuzi wetu na kama mna la kurekebisha semeni. Pesa tulizochanga hatununui ngao wala cheti. Tutapita kwa kila mzee tuliyemuandika, na orodha tumeichana tumeandika upya kama alivosema Bi Mtambwe, sasa ina watu ishirini na wanne, tisa ni wanawake na watano ni wachumaji wasokuwa na shamba. Yule mzee wa nyonga wa Ngoeko kama yuko karibu na huku tuletee kwa ujumbe wa pembeni tumuingize. Kila mwenye shamba tutamzibia mapengo yake kwa miche, miche inatolewa bure na Serikali kinachotaka pesa ni usafiri na migomba ya kivuli, na tutapita kuitazama mara tatu kwa mwaka kama wale wa Vevey, mana miche mingi inapandwa siku ya picha halafu inakufa kiangazi. Na wale wasokuwa na shamba, kila mmoja tutampandia mti mmoja kwenye shamba la mjukuu au mtoto wake na mti uitwe kwa jina lake. Gari ya kwenda kituoni msimu ukifika tumepata mtu wa kuitoa, mafuta tunatoa sisi.

Siku ya dua tutaifanya nyumbani kwa babu, jioni jua limeshapoa, wazee wakae kwenye mikeka na mito, hotuba hakuna. Kila mzee asimame kijana mmoja aliyefundishwa nae aseme alichofundishwa, mbele yake, asikie. Joho moja la kuwavisha wazee tumelipata la kuazima na kofia za viua bibi zetu wawili wanashona. Ustadhi, kama unaweza kutoka Chake ukaja kutuongozea dua tutafurahi sana, nauli yako iko.

---

UstadhiChake:

Nakuja inshaallah. Nauli wekeni kwenye migomba.

---

Ngoeko77:

Yule mzee yuko Micheweni, si mbali na nyinyi. Nimempigia sasa hivi. Kaniuliza mara tatu kama ni yeye kweli anaeitwa. Nitamleta mwenyewe, na nitasimama mimi kumsemea.

---

BiMtambwe:

Wanangu, kwenye miche msifanye haraka. Mashimo chimbeni sasa hivi, urefu wa mkono mpaka kiwiko, yapigwe jua, muweke samadi iliyooza vizuri. Migomba itangulie kupandwa mana mche wa mkarafuu ukiachwa juani unakauka kabla hujageuka mgongo. Mche wenyewe usiingie ardhini mpaka masika imekolea, mvua ya siku mbili tatu mfululizo, na muupande jioni. Mfuko wa plastiki uchaneni msiuvute, ukiuvuta mizizi inakatika. Na kwenye lile pengo la mbele ya babu yako Konde, mche wa hapo usipande wewe. Muwekeeni kiti, mumshikie mkono, aufukie yeye.